Kiraka cha Njano Msumarini

Saa nane za usiku, rungu mlangoni.
Wagonjwa wa mtaa wetu hubisha kwa kiganja;
rungu ni la ngomeni.
Baba, Tabibu Salamó Bonafeu, akatia miguu viatuni gizani,
mimi nikabeba mkoba: ruba ndani ya gudulia,
mdalasini, kijiko cha fedha, kitabu cha Kiarabu
ambacho makasisi walikichoma mara mbili
na baba akakinakili mara tatu.

Langoni, bawabu Berenguer
alinyoosha mkono bila kusema.
Baba akabandua kifuani kiraka cha njano,
Berenguer akakitundika msumarini, kando ya funguo.
Ndani hakutakiwa Myahudi, alitakiwa tabibu.
Akitoka angerudishiwa,
kama mgeni arudishiwavyo fimbo yake.

Mfalme alihema kama mvukuto uliotoboka.
Mguu umevimba, mkojo rangi ya kutu.
Baba alionja dawa kwanza, vijiko viwili,
tukangoja mshumaa upungue kwa kidole kimoja,
watumishi wakimkodolea macho baba, si mgonjwa.
Hakufa. Ndipo mfalme akanywa.

Kisha akashika kifundo cha mkono ule
kuhesabu mapigo,
nami nikaona wino kwenye kidole cha shahada,
bado mbichi.
Jioni ile mpiga mbiu alikuwa amesoma sokoni:
Wayahudi wote, miezi mitatu,
nyumba waache, dhahabu waache.
Makaburi hayakutajwa.

Baba aliuona. Najua, maana aliacha kuhesabu,
akaanza upya, moja, mbili,
kwa Kiebrania, chini chini.

“Tabibu, nitaiona Pasaka?”
“Utaiona, bwana wangu.”
Ukuni ukapasuka motoni.
“Na wewe?”
Baba akacheka kidogo, kicheko cha mtu
aliyeulizwa njia na yule aliyelivunja daraja.
“Mimi nitakuandikia namna ya kuichemsha dawa.”

Husemwa mganga hajigangi.
Mimi nilimwona akiuganga mkono ule mpaka kukakucha,
akiupangusa kwa siki na kitambaa,
kidole kwa kidole,
na wino haukutoka.

Tuliposhuka, Berenguer alikuwa amesinzia.
Nilidhani baba atapita tu;
barabara ilikuwa tupu, nani angemwona?
Alikitungua mwenyewe, akakibandika,
akanyoosha pembe yake iliyokunjika,
kisha akavua joho, akamfunika bawabu.
“Ana kikohozi,” alisema,
“na baada yetu hakuna wa kumsikiliza kifua.”