Muonja Chumvi

Sufuria lilinisaliti pale Makorora,
harusi ya bintiye Kombo, fundi baiskeli, wali wa watu mia tatu.
Nilichota mchuzi kwa upawa, nikadondosha kiganjani,
nikalamba, kama nilivyolamba miaka ishirini na sita.
Ikaja ladha ya sarafu.
Senti ya zamani, ile yenye tundu,
kama kwamba mtu kaweka akiba chini ya ulimi wangu.

Kisha kaakaa likaanza kuniwasha.
Wewe umewahi kuwashwa mahali pasipofika kucha?
Nilijikuna kwa ulimi, ulimi nao ukavimba,
huo usio na mfupa ukawa mzito
kama umemeza mifupa ya mbuzi mzima.
Nikataka kusema, "Ongezeni chumvi,"
ikatoka sauti ya mlango wa ghala.

Wakasema kijicho.
Wakasema nimekula pweza mwenye kisirani.
Bi Tatu akaniletea limau; limau likachoma kuliko kaa.
Wiki ile pweza, wiki ya pili nyanya,
Ijumaa sikula kitu, ni jua tu na mvuke wa siki,
koo likajifunga kama duka saa ya swala.

Bombo walinirudisha mara tatu na dawa ya kusukutua.
Mara ya nne Daktari Shemweta alinimulika kinywa,
hakuona kidonda, na bado akaniamini.
Akasema: mwilini mna chembe za ulinzi,
zako zinapiga yowe la mwizi, mwizi,
na aliyepita uani ni paka.
Nikacheka, kucheka kukanikwaruza.
Zitanyamaza lini?
Akaandika vidonge, akaandika sindano ya kukaa pochini.
Lini hakuiandika.

Sasa napika na Mwanaheri, mtoto wa mdogo wangu.
Yeye analamba, mimi namtazama uso.
Nyusi zikipanda, imezidi.
Akimeza upesi, haijafika.
Akisita, midomo ikabaki wazi kidogo
kama anayetafuta jina la mtu,
naepua.

"Mama mkubwa, mbona huniulizi?"
Nikamjibu kwa sauti yangu ya mlango:
ulimi wako ushajua adabu, utanificha;
nyusi bado.

Harusi ya Duga wali uliisha, na ukoko wakagombea.
Mimi nilikaa nyuma ya masufuria
na uji wangu wa mchele, vuguvugu,
usio na kitu,
nikiusikiliza unavyoshuka.