Kiambatisho Ambacho Hakikuwasilishwa

Ripoti ina kurasa mia moja na nne.
Imegongwa mhuri, imefungwa kwa plastiki,
nakala tatu za mteja, moja ya jiji.
Haya hayamo.

Hamna kwamba kule Iyumbu, mwezi wa sita,
nilikuta mbuzi kafungwa kwenye bikoni yetu ya kumi na tisa.
Alikuwa ameizunguka mpaka kamba ikaisha,
kabaki shingo juu, ananitazama
kama mtu aliyepewa fomu isiyo yake.
Sikumfungua. Nilimzungusha nyuma,
raundi saba, kamba ikarudi urefu wake.

Kisha nikautandaza mchoro juu ya boneti,
mawe manne pembeni, maana upepo wa Dodoma hauna adabu.
Chini maduka, nikawaeleza, juu makazi.
Ghorofa nne. Fremu kumi na nane zinatazama barabara.
Mtu anashuka ngazi, ananunua mkate, anapanda.
Haya tunayaita matumizi mchanganyiko,
nikasema, nikilitamka
kama kiatu nilichokinunua jana.

Bibi Mbeleje Chedego,
fidia namba ishirini na sita
(tembe, vyumba vitatu; mizabibu, mashina mia mbili na kumi),
akauliza, Ng'ombe umewaweka wapi?
Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Aliniongoza kwake. Nikainama mlangoni.
Kushoto ndama wawili na joto lao.
Kulia lindo la uwele, refu kunipita.
Mkwewe kaketi penye mwanga, anashona sare za shule,
na mteja wake kajiegemeza ukutani, anasubiri kifungo.
Uani pombe ya Jumamosi inatokota.
Juu ya paa la udongo, vishindo vya watoto
wanaogeuza mavuno yakauke.

Duka hilo, akasema Bibi Mbeleje. Chakula kiko juu.
Sasa huo mchanganyiko wako
unaanzia wapi?

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na futi kamba.
Nikapima uani: mita ishirini kwa kumi na nne.
Nikaandika, ili mkono uwe na kazi.

Tuliporudi kwenye gari
akaomba aoneshwe mashine ya kusaga.
Hii hapa, nikasema, fremu ya kwanza, upande wa mashariki.
Akachota pumba kwenye kanga yake,
akainua kiganja, akaiachia.
Pumba ikavuka barabara ya mita kumi na tano,
ikapita maegesho bila kulipa,
ikatua vyumbani, Kitalu C, chote.
Hawa watakohoa, akasema,
akaenda kutazama pombe yake.

Mashine nimeihamishia magharibi. Ukurasa wa sitini na moja.
Sababu: mwelekeo wa upepo.
Chanzo: uchunguzi wa uwandani.
Ndivyo tunavyoandika.

Uwanja wa katikati niliuchora mita ishirini.
Mteja akaugonga kwa kalamu:
Mhandisi Rweyongeza, huyo si mtu mbaya,
ana mkopo, na mkopo una tarehe.
Hapa hela imelala, akasema. Amsha.
Tulibishana mpaka chai ikapoa mara mbili.
Nikaondoka na mita tisa.
Tisa zinatosha kuanika uwele wa nyumba moja.
Nyumba ni tisini na sita.

Fidia ya Bibi Mbeleje imelipwa, naambiwa.
Sijui kahamia wapi. Wengine wanasema Nala.
Ningeweza kuuliza.

Ila kuna kimoja.
Siku ya kuskani mchoro wa mwisho
kijana wetu wa kompyuta, Lameck, aliita:
Kaka, Kitalu C, ghorofa ya tatu, kuna kidoti.
Ni tangi? Ni kisima? Nikifute?

Nikainama kwenye kioo.
Kapi moja la uwele, limeganda kwenye wino,
kwa kipimo cha moja kwa mia tano
upana wake kama chumba cha kulala.

Kiache, nikasema.

Mchoro umepitishwa nacho.