Bomba la Inchi Mbili

Miaka ishirini na minane niliendesha lori la maji
kutoka Nizwa hadi Marmul,
na kila alfajiri nilipiga magoti mara mbili:
mara ya kwanza kwa Mola,
ya pili kwa matairi.
Kumi na manane, moja moja,
sarafu ya baisa hamsini nikiichomeka kati ya kashata,
nikipima kina. Likiwepo kipara, sitoki.
Kule Haima upepo hutandika mchanga juu ya lami
kama mtu anayetandika shuka, taratibu, bila kelele,
na lori likiteleza pale halina wa kulisimulia.

Sasa nimestaafu. Nipo Mabela,
natafuta tairi lisiloshika.

Kosa ni la Qais, mtoto wa jirani,
aliyeniuzia kigari chake cha nitro
riali thelathini na tano, kwa sababu anaoa.
Urefu wake hautimii dhiraa.
Kinanguruma kama nyigu ndani ya kopo
na moshi wake unanuka mafuta ya mbarika,
yale aliyotunywesha bibi
kila shule ilipofungwa, kusafisha matumbo.

Matairi yake ya mpira yana kashata nzuri.
Nzuri mno. Ukikata kona yanang'ang'ania lami
kama mdai mlangoni,
kigari kinapinduka, magurudumu juu, yanazunguka bure.

Nikajaribu sponji. Lami ya Julai ikaitafuna:
saa nne za usiku bado ina moto wa adhuhuri,
mzunguko mmoja tu nikarudi na makombo.
Nikanunua ya plastiki ngumu, Ruwi, riali sita.
Yaliteleza, naam, kama sabuni kwenye vigae,
nyuma ikaipita mbele,
mbele ikasahau inakokwenda.
Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sitafuti kuteleza tu.
Natafuta kule kuteleza kunakoijua njia.

Nikaenda kwa Irfan, fundi bomba.
Bomba la inchi mbili, nikamwambia, pete nne,
upana wa vidole viwili.
"Mzee, panavuja wapi?"
Hapavuji popote.
Akanitazama. Akakata.

Pete huchemshwa kidogo mpaka zilegee,
ukazivisha upesi juu ya mpira uliochakaa,
zikipoa zinabana.
Kama pete ya ndoa, nilimwambia Zuwena.
"Yangu haikuchemshwa," akasema,
"na hiyo ni sufuria yangu ya maziwa."

Usiku tukaenda nyuma ya duka la mazulia.
Nikavuta kamba. Mara ya nne ikawaka.
Nikadondosha tone la maji kichwani mwa injini:
moja, mbili, tatu,
likatoweka. Sawa.

Nikakiachia.
Kikaingia kona ubavu-ubavu,
tako nje, pua ndani, moshi ukipinda nyuma yake,
na zile pete zikikwaruza lami
kwa sauti ya chaki ya mwalimu mwenye haraka.
Vidole vyangu vilitulia.
Mguu wa kulia ndio uliokataa:
ulikanyaga, ukakanyaga tena,
ukitafuta breki ndani ya kandambili.

"Kuteleza si kuanguka," alisema Zuwena
kwenye kiti chake cha kukunja, akimenya chungwa,
wala hakuinua macho.
Msemo huo nimeusikia tangu sijaota meno ya pili
nikidhani ni wa kuwafariji watu.

Mzunguko wa tisa pete ya nyuma kushoto ikapasuka,
ikarukia chini ya gari la mtu.
Nikapiga magoti kuitafuta kwa tochi ya simu.
Niliinua kichwa, tairi la gari lile mbele ya pua yangu,
kipara kabisa.
Nikaandika karatasi, nikaibana kwenye kioo chake.
Mkono una mazoea yake.

Asubuhi Irfan aliniona tokea mbali,
akachukua msumeno.
"Bado panavuja?"
"Bado," nikasema.
"Leo nikatie lile la kijivu, lile nene."