Siku ya Upatu

Nilitumwa na ofisi ya kijiji
kuhakiki umri wa Bibi Nabi Ginoza,
maana kuna kikombe cha fedha
kwa kila atimizaye mia,
na kikombe, alisema bosi, hakitolewi kwa kubahatisha.

Rejista iliungua mwaka wa vita.
Baada ya moto, Okinawa ilizaliwa upya kwa kauli ya mdomo:
mtu alisimama mbele ya meza, akataja mwaka,
karani akaandika.
Wapo waliojipunguzia.
Wapo waliobeba miaka ya dada zao
waliobaki pangoni.

Nilimkuta jikoni na wenzake wawili
wakimenya viazi vya zambarau.
"Leo upatu," akasema, macho kwenye kisu.
"Vua viatu, ukae."

Walianza kumi na wawili, vita vikiwa vimeisha jana,
wasichana wa kusokota nyuzi za mgomba.
Kila mwezi mmoja alibeba kapu lote:
huyu akanunua nguruwe,
yule akamzika mume,
Kamado akaezeka paa lililong'olewa na tufani.
Mwaka mzima ulipita kabla zamu haijarudi.
Sasa ni watatu,
na zamu inarudi kabla hujamaliza kuzitumia za kwanza.
"Tumetajirika," akacheka Gozei kwa ufizi mtupu.
Hakuna aliyemjibu.
Visu vikaendelea na viazi.

Nikauliza swali la fomu: siri ya maisha marefu ni nini?
Kamado akasema, mboga chungu.
Gozei akasema, kulala mchana.
Nabi akasema, "Kudaiwa."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Ukila upatu mwezi huu,
utakufaje mwezi ujao? Huoni haya?
Chiru hakuona. Alikula Machi, akafa Aprili.
Tukamlipia sisi, miezi tisa,
na kila mwezi tulikwenda kaburini kumtukana,
tukimpelekea na chai."

Akanipa daftari, jalada limelainika kama ngozi ya sikio.
Nikatafuta mwaka wa kuzaliwa, tarehe, chochote cha kumpelekea bosi.
Ukurasa wa kwanza: majina kumi na mawili,
hakuna umri, ni mpangilio wa zamu tu.
Nabi yuko chini kabisa.

"Nani alikuweka wa mwisho?"

"Vijiti. Tulichomoa vijiti.
Nililia siku ile, mtoto wewe, nililia mpaka usiku.
Nilitaka cherehani."

Kalamu yangu ikasimama juu ya pengo la fomu
hadi chai ya asumini ikapoa.
Nje, mtu alikuwa akikwangua sufuria.

Fomu nikairudisha na pengo lake.
Mkobani, juu ya mhuri wa serikali,
viazi vitano vya moto vilivyofungwa kwenye kitambaa cha buluu.
Viazi ni vyangu, wamesema.
Kitambaa nikirudishe
mwezi ujao, siku ya upatu, bila kukosa.