Likuta Chini ya Sufuria

Wengine mama mkwe huwapa vitenge, au sahani za maua.
Mimi Mama Mwape alinipa likuta moja,
sarafu ya enzi za Zaire, iliyokwanguka
hata hujui upande upi ulikuwa na uso.
"Tia chini ya sufuria, ndani ya maji.
Likiimba, lala. Likinyamaza, kimbia."
Nikalitumbukiza kwenye pochi
nikanuna njia nzima hadi Katuba.

Kisha mvua zikaja, na mahindi mabichi
yakajaa soko la Kenya (mtaa wetu, si nchi ya watu).
Nikakwangua punje, nikazisaga kwa mashine ya mkono,
maziwa yake yakanirukia kwenye kope.
Ndizi mbili, zilizoiva mpaka muuzaji aliona haya kuzitaja bei.
Sukari vijiko vitatu, na cha nne kwa ajili ya Katongo.
Chumvi kidogo, kuikumbusha sukari kazi yake.
Nikafunga uji ule mzito katika maganda yake yenyewe,
kila kifurushi mshipi kiunoni.

Halafu kikanda, ambacho hakitaki haraka:
viazi vidogo vya porini, vikavu kama kokoto,
vilivyoteremka kwa gunia kutoka njia ya Kasenga,
vikatwangwa, vikachekechwa, nikapiga chafya mara saba.
Karanga za kukaanga. Pilipili. Magadi, ncha ya kisu tu.
Koroga mpaka mwiko usimame peke yake
kama mgeni aliyekataa kiti.
Nikamimina katika kopo la maziwa lililopakwa mafuta,
nikafunika kwa jani, na juu ya jani jiwe.

Vyote viwili sufuria moja, vitamu juu, kikanda katikati,
mbabula imeshiba makala,
na huko chini likuta linagonga:
ti, ti-ti, ti,
kama mtoto anayejua mko ndani.

Nikalala.

Usiku mvua ikashuka juu ya mabati.
Katika usingizi nikasema: lisikilize, lina furaha leo.
Kumbe lilikuwa limenyamaza zamani,
limenata kwenye sufuria kavu,
na nyumba yote inanuka kama gari lililokufa breki.

Katongo alikwangua, akakwangua.
"Huku juu iko muzuri," akasema,
akatafuna, akanywa maji, akatafuna.
Hakumwambia mama yake. Nilimwambia mimi.
Alicheka hadi akashika ukuta.

Hiyo ni miaka kumi na minne.
Sasa Mama Mwape analala chumba cha mbele.
Homa ya mwaka juzi ilimwachia macho, ikamwachia ulimi,
ikaondoka na masikio.
Jumamosi ninapopika anavuta kigoda,
anasimamisha mwiko juu ya kifuniko
na kuegemeza taya kwenye mpini wake.
Anafumba macho. Mtetemo unapanda kwenye mti,
unaingia katika mfupa.

Mimi nina masikio mawili mazima
na bado ni yeye anayesema kwanza:
"Weka mayi. Imebakia vidole mbili."
Ninafunua. Vidole viwili.

Mwelwa, mtoto wetu, analiopoa likuta kwa uma,
linawaka mvuke, analipuliza.
"Hii inanunua nini?"
Dukani? Hata njiti ya kiberiti hawakupi.
Anaona tunacheka, anaudhika,
anachukua kifurushi chake cha mahindi, anakwenda kukaa mlangoni
na kukivua maganda polepole, moja, moja,
sukari ikimtiririka hadi kwenye kiwiko.

Bibi yake anataka kikanda. Siku zote kikanda kwanza.
Nakata kipande kinene, kinatikisika kidogo, rangi ya udongo.
Anatafuna upande wenye meno. Anafikiri.
Kisha, kwa sauti ile ya watu wasiojisikia,
inayovuka ukuta mpaka kwa jirani,
mpaka kwa jirani wa jirani:

"CHUMVI IMEPUNGUKA!"