Mgongo Mmoja, Nyuso Mbili

Mkebe ulitoka ukutani, Mkomani,
mafundi walipobomoa kidaka cha tatu:
misumari, kufuli lisilo na ufunguo,
na senti za shaba kumi na moja, nene kama biskuti,
kila moja na mwanamke wake wa Marekani, nywele timtim.
Labda zilikuja na majora ya merikani.
Labda baharia alilipia maji. Sijui.

Kupi wa Matondoni ameshatundika mizani.
"Shaba ni shaba," asema. "Mwaka mmoja, sura moja."
Namwambia: ngoja.

Navaa jichoni lenzi ya marehemu baba, fundi saa wa Langoni.
Bado inanuka mafuta ya taa.
Nazilaza juu ya leso kuukuu.
Mwaka ni ule ule, elfu moja mia nane na tatu,
lakini tatu ya hii imekisogelea kifua,
tatu ya ile imejitenga, kama mtu aliyenuniwa.
Nageuza. Shada la majani. Nahesabu vitunda
kwa ncha ya sindano, napotea, naanza tena.
Hapa kikonyo kirefu. Hapa kimekatika.
Mchongaji alichonga kila muhuri kwa mkono,
na mkono haujirudii.

Hii ina mstari, kutoka shadani kwenda ukingoni.
Si mkwaruzo. Mkwaruzo huzama;
huu umevimba.
Muhuri ndio uliopasuka, shaba ikaujaza ufa.
Jeraha la mama, kwa mtoto huwa tuta.

Kisha naona jambo, naifuta lenzi, naona tena:
ufa ule ule, mgongo ule ule,
na upande wa pili uso mwingine kabisa.
Uso wa kwanza ulivunjika kiwandani,
mgongo ukaozwa uso mpya, kazi ikaendelea.
Ipi ilitangulia? Ufa wasema:
katika ndoa ya kwanza ni mfupi, wembamba wa unywele;
katika ya pili umefika ukingoni.

Bibi yangu Mwanatumu aliolewa mara mbili.
Kwanza hapa, nyumba hii, akamzaa baba.
Halafu, eda ilipokwisha, ng'ambo ya minazi,
Matondoni, na huko hakutajwa tena.
Kidaka chake kilizibwa kwa chokaa.

Kupi anakuna kidevu, anapiga hesabu ya kilo.
Kile kifereji katikati ya kidevu
nakinyoa kila asubuhi kiooni.
Changu kifupi.
Chake kimepanda mpaka karibu na mdomo.

"Basi, nipime?"
Nampa misumari. Nampa na kufuli.
Senti nazifunga penye pindo la leso,
fundo moja, halafu la pili,
navua lenzi,
namuuliza bibi yake akiitwa nani.