Pumzi, Mirbat

Mwezi wa saba. Manyunyu ya kharifu
yamelowesha hata chumvi mezani.
Wageni wako milimani wanapigana picha na ukijani;
sisi wawili, mimi na Shinuna, tuko gatini,
tunaipima bahari pumzi.

Mpira unavuta maji ya juu, shibiri tano chini ya uso,
yananyesha ndani ya chombo cha kioo
na hewa iliyomo yazunguka, yazunguka,
mpaka maji na hewa vipatane.
Ndipo mashine isome: mia sita na kumi na mbili.
Hewa ya nje: mia nne ishirini na sita.
Leo bahari haivuti. Inashusha.

Mama hunipigia kutoka Maskati, kwa Kiswahili chake cha Ng'ambo:
"Bado wapima maji? Kwani yamepungua?"
Namwambia haya yamepanda kutoka kizani, baridi kama ya mtungi,
yaliagana na hewa zamani, pengine sijazaliwa,
sasa upepo umeyaita juu, yanatua mzigo.
Akanyamaza.
"Basi yana mengi," akasema, akauliza kama nimekula.

Chupa za akiba hujazwa kutoka chini, taratibu,
zifurike mara mbili, kisibaki kiputo.
Kisha tone la zebaki, sumu,
maana humo mna viumbe usiowaona
wangali wanakula, wanapumua, wanavuruga hesabu.
Ushahidi usiotiwa sumu
hubadili kauli kabla haujafika Maskati.
Kizibo, grisi, nambari kwa wino usiofutika.

Saa nne na dakika ishirini mstari wa hewa ukaruka:
mia tisa na arubaini.
Nikadhani valvu. Nikagonga bomba kwa kidole.
Nikageuka.
Shinuna amekaa chini ya mdomo wa kuvutia hewa,
simu mapajani, kisogo kimeegemea nguzo,
hasemi kitu, anapumua tu,
kama mtu aliyepanda ngazi nyingi akakuta mlango umefungwa.
Walikuwa wamepiga kutoka hospitali, Salala.

Kanuni iko wazi: pumzi ya mtu, futa.
Nimeandika daftarini,
"Kuanzia 4:20. Si bahari."
Sikufuta.
Nikavua glavu, nikaenda kuketi naye
palepale, chini ya mdomo ule,
na mstari ukapanda tena.